Anayeitwa Haulizi

Mama yangu, Anastasie, alizalisha nusu ya mji wa Rumonge, Burundi, na akanizaa mimi peke yangu. Hata mimi alinizaa akiwa kazini. Alikuwa ametoka kumpokea mtoto wa mwanamke mmoja wa Kizuka, akaona uchungu wake mwenyewe umefika, akapanda kitanda cha pili, akajifungua, na siku ya tatu alikuwa amesimama tena akichemsha mikasi. Alipenda kuisimulia habari hiyo kwa kicheko. Nimeisikia mara mia na sijaona bado mahali pa kucheka.

Watu wa kanisani wanasema aliitwa na Mungu kwa kazi ile. Mimi nasema aliipenda, basi. Hakuna aliyemfunga kamba. Masista wa Bukavu, Kongo, walimfundisha ukunga kabla hajaolewa, na alipomfuata baba yangu Cirhuza ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mwaka 1956, aliomba kazi kwenye materniti, hospitali ya wazazi, kabla hawajapata hata nyumba ya kupanga. Baba alikuwa seremala wa mashua na vitanda. Yeye akiangusha msumeno saa kumi jioni, kazi imekwisha, anaoga, anadai bugali na ndagala zake. Mama saa zake ziliandikwa kwenye karatasi: saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Karatasi ilibaki ukutani, na yeye akabaki kazini. Na akifika nyumbani walimfuata huko huko.

Palikuwa na namna ya kumwita. Katika mtaa wetu jina la mwanamke aliyeshikwa na uchungu halikutamkwa barabarani mpaka mtoto alie. Majirani wana masikio, na si kila sikio linakutakia mema. Kwa hiyo aliyetumwa alisimama mlangoni akasema tu, "Mama Bora, bako nakuita," yaani mama yangu, mimi Bora, anaitwa. Hakusema nani wala kwa nini. Mama alijibu, "Niko nakuya," akavaa viatu, akachukua mfuko wake wa mikasi na uzi na sabuni, akamfuata yule mtu bila swali. Kuuliza kulihesabiwa mkosi. Siku moja, nikiwa mdogo, niliropoka, "Nani anamwita?" Mama alinipiga kofi la mdomo, la kwanza na la mwisho.

"Anayeitwa haulizi," aliniambia. "Anakwenda."

Somo hilo nililishika vizuri mno.

Siku ya endepandansi, siku ya uhuru, tarehe mosi Julai 1962, nilikuwa na miaka mitano. Baba alininunulia gauni jeupe na kibendera cha karatasi chenye ngoma katikati, kama bendera ilivyokuwa wakati ule. Mama aliapa kwamba siku hiyo, angalau siku hiyo, atakuwa wetu. Akavaa kitenge kipya. Tulifika mpaka kona ya soko, ngoma za uwanjani tunazisikia, ndipo akatokea mwanamke mmoja anahema, na sikungoja amalize maneno yake, nilianza kulia. Mama alinishika kidevu akasema atarudi kabla bendera haijapanda. Alirudi kesho yake asubuhi. Alikuwa amepokea watoto watatu, na mmoja wao wazazi walimpa jina Endepandansi, maskini, akakua nalo. Mimi nilitazama sherehe nikiwa mabegani kwa baba na sikumbuki chochote isipokuwa kisogo chake.

"Weye umeolewa na materniti," baba alikuwa akimwambia. "Miye niko hawara yako tu."

Mama alicheka. Mwaka 1968 familia moja ya matajiri wa Bujumbura ilimtaka akamwangalie mtoto wao: saa zinazojulikana, Jumapili ya kupumzika, chumba chenye feni. Baba alikwisha kuanza kukusanya misumari yake. Mama akasema hapana. Baba akamuuliza sababu, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili akiwa amepiga meza.

"Kule hakuna mutu ataniita," mama akasema.

Baba hakuelewa. Mimi nilielewa na ikaniuma zaidi. Alikuwa anapenda kule kuitwa. Alipenda kuwa mtu ambaye bila yeye jambo haliendi, na nyumbani kwetu mambo yalikwenda hata bila yeye, tulikuwa tumejifunza.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili 1972, jioni, watu wenye mapanga waliingia Rumonge. Walikuwa wamejipaka dawa mwilini na wanaimba kwamba risasi zitageuka maji. Waliwatafuta Watutsi nyumba kwa nyumba, na Mhutu aliyekataa kufuatana nao wakamuua pia. Mama alikuwa materniti, na mimi nilikuwa nimempelekea chakula, kwa hiyo nilifungiwa humo pamoja naye na wanawake tisa. Tulisukuma vitanda mpaka mlangoni. Mama aliwapa wale wenye uchungu vitambaa vya kuuma, wasipige kelele. Mmoja alijifungua hivyo, ameuma kitenge, jasho linamtiririka, hasemi kitu. Mtoto alipolia, sisi sote tulitaka kumziba mdomo. Mimi nilinyoosha mkono kabisa. Mama aliusukuma mkono wangu akamweka mtoto kwenye titi la mamake.

Nataka niseme wazi kwamba niliogopa. Wengine wakisimulia mwaka ule husema moyo uliwadunda. Kwangu hofu ilikaa tumboni. Kwa wiki tatu chakula hakikukaa, nilikuwa natapika hata maji, na kila gari likipunguza mwendo barabarani nilikimbilia nyuma ya nyumba nimeshika mdomo.

Wanajeshi walifika, wale wenye mapanga wakakimbilia milimani, na tulifikiri imekwisha. Kuua kulibadili mikono tu. Sasa waliotafutwa walikuwa Wahutu, na zaidi waliosoma: mwalimu, karani, muuguzi. Sisi Wakongomani nasi tulitazamwa kwa jicho baya, maana ilisemwa kwamba waasi wametoka kwetu. Hawakuja kwa kelele. Alikuja mtu mmoja na karatasi, mara nyingi mtu unayemjua, akasema unaitwa, ni dakika tano tu, utarudi. Na watu walikwenda. Watu wa leo huniuliza kwa nini walikwenda. Walikwenda kwa sababu walikuwa wafanyakazi wazuri. Mtu aliyetumikia miaka kumi bila kuchelewa, mkubwa akimwita, anafunga vifungo vya shati anakwenda. Baadaye lori lilipita saa za mchana, wakati watu wamelala kidogo baada ya kula, na hatukuangalia waliokuwa ndani.

Ndipo neno lile la mlangoni kwetu likaharibika. Ukimuuliza mtu, "Mume wako iko wapi?" anakujibu, "Bamemwita," na unajua hupaswi kuuliza tena.

Pale materniti palikuwa na muuguzi, Hyacinthe, mtoto wa Kizuka, Mhutu, mwenye miaka kama thelathini. Alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za misa akichemsha sindano, tena kwa sauti mbaya, na mama alikuwa anamtania kwamba watoto wanakataa kutoka wakimsikia. Jina lake lilipoanza kutajwa mjini, mama alimficha katika chumba cha mashuka, nyuma ya marobota. Tuliojua tulikuwa watatu: mama, mimi, na Casimir, mlinzi wa mlango. Mimi ndiye niliyempelekea chakula chini ya nguo chafu. Alikaa mle siku sita. Aliacha kuimba, lakini alikuwa anakunja mashuka, kila siku anayakunjua na kuyakunja upya, kwa sababu hakujua kukaa bila kazi.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, mama yuko na mwanamke mezani, mimi niko uani nafua vitambaa. Casimir akaja akasimama mbele yangu. Uso wake ulikuwa kama kawaida. Ndivyo nilivyouona.

"Mwite Hyacinthe," akasema. "Bako namwita."

Sikuuliza nani. Nilifikiri mama amekwama na mwanamke yule, anahitaji mikono mingine; mara mbili wiki ile alikuwa amemtoa Hyacinthe mafichoni kwa dakika chache amsaidie. Nilikwenda kwenye chumba cha mashuka nikasema maneno yale yale, kama nilivyoyasikia maisha yangu yote. Hyacinthe naye hakuuliza. Alichukua blauzi yake nyeupe, koti la kazi, akaivaa, akatoka anafunga vifungo.

Walimngojea mlangoni. Aligeuka mara moja akanitazama, na mpaka leo sijui kama alifikiri nilijua. Casimir alikuwa amesimama ameelekea ukutani. Nilikuja kusikia kwamba walikuwa wamewashika watoto wake, yeye Casimir.

Mama alipotoka, mikono bado ina damu ya uzazi, alimtafuta Hyacinthe. Nikamwambia.

"Nani alimwita?" akauliza.

Sikuwa nimepata kumsikia akiuliza swali hilo. Nikasema Casimir. Mama alikaa chini sakafuni, hapo hapo, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Nilingoja anipige. Kofi lingenisaidia. Lakini mlangoni mwanamke mmoja alikuwa ameanza kuguna, na mama akasikiliza, akajisukuma na kiganja, akasimama, akaenda kunawa. Nilimchukia siku hiyo. Nilifikiri, mwanamke huyu hata mbingu ikianguka atauliza kama kuna maji ya moto.

Siku mbili baadaye baba alirudi kutoka Magara. Alikuwa amekwenda kwa Amuri, mwenye mashua, ambaye baba alimtengenezea mbao zake zote. Kuvua kulikuwa kumekatazwa na ziwa lilikuwa linalindwa. Baba alieleza akinong'ona, ingawa tulikuwa watatu tu. Wote wanaokimbia, alisema, wanakimbia usiku, na usiku ndio wanangojewa. Sisi tutakwenda mchana. Ijumaa, saa saba, wakati wa kula, tutashuka ziwani na mabeseni ya nguo kama watu wanaokwenda kufua. Amuri atapita karibu na mawe. Hatangoja hata dakika.

"Mwenda kwao si mtumwa," akamwambia mama. "Mama Bora, sikia. Tayari bameita mukunga mumoja wa kwetu, kule Nyanza-Lac. Mukongomani kama weye. Ukisema hapana, nitakubeba kama gunia."

Mama alitazama mfuko wake wa mikasi. Kisha akasema, "Nitakwenda."

Nilianza kulia kwa furaha. Sikujua kwamba hajamaliza.

"Lakini mupaka ile saa saba," akasema, "mutu akiniita, naenda."

Baba alimtukana. Sijawahi kumsikia baba akimtukana kabla ya hapo. Alimwambia ana kichwa cha jiwe, alimwambia Hyacinthe alikwenda hivyo hivyo. Mama alimwacha aseme yote, halafu akarudia: mpaka saa saba. Akasema ametumika miaka kumi na sita bila kukataa mwito, hawezi kukataa wa mwisho kwa sababu ya woga. Na woga wangu mimi hakuuliza.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nilihesabu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumatano hakuitwa nyumbani. Alhamisi aliitwa mara moja na mwanamke wa jirani, akarudi, na kwa saa zile tatu alizokuwa nje nilitapika mpaka hakikubaki kitu. Nikafanya uamuzi wangu, peke yangu, nimeinama juu ya ndoo. Niliamua kwamba mama yangu hataitwa tena.

Ijumaa asubuhi alikwenda materniti kama kawaida, akarudi saa nne na nusu. Aliwaambia kichwa kinamuuma. Nadhani ulikuwa uongo wake wa kwanza wa kikazi, na ulimtia aibu, maana alikuwa hatazami mtu usoni. Baba alikwisha kushuka ziwani kuangalia. Mama aliingia kuoga nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa mlangoni napanga nguo kwenye beseni, chini nimeweka sahani mbili, picha ya ndoa yao na msumeno mdogo wa baba.

Saa tano, akaja mzee Murshid.

Murshid alikuwa Mwarabu mwenye duka la vitambaa nyuma ya soko, mtu mzito wa mwili na wa maneno, mkali kwa mizani na mpole kwa watoto. Ukoo wao uliishi nchini tangu enzi ya Wajerumani. Alikuwa na mabinti wawili, Samiha na Jokha. Samiha alikuwa na mimba ya kwanza, hilo nililijua, na mama alikuwa amesema bado mwezi mzima na zaidi. Murshid hakupata hata siku moja kuja kwetu mwenyewe. Alikuwa na watu wa kutuma. Hakuwa na kofia. Ndala zake zilikuwa moja ya kwake na moja ya mtu mwingine. Nikatazama nyuma yake mpaka sokoni, nikaona mlango wa duka lake uko wazi na hakuna mtu ndani. Murshid aliyefunga duka hata akienda kunawa.

Na penye kona ya soko palikuwa na gari la wanajeshi. Lilikuwa pale kila siku. Lakini siku ile nililiona kana kwamba limekuja naye.

"Bora, mwanangu," akasema. Alikuwa anapumua kwa mdomo. "Mamako yupo?"

Nikamsalimu, "Amahoro, mzee."

"Mwambie anaitwa. Sasa hivi."

Nilimtazama usoni. Nilikuwa nimemtazama Casimir usoni pia. Nyuma ya nyumba nilisikia maji yanamwagika. Mama alikuwa anajimwagia kata kwa kata na hakusikia. Nikavunja mwiko.

"Nani anamwita?"

Uso wa mzee ulibadilika rangi. Sasa najua ilikuwa aibu. Baba wa Kiislamu kusimama barabarani kumtajia msichana mdogo uchungu wa bintiye, na mkosi juu yake, hakuweza. Alitazama nyuma, kuelekea sokoni. Mimi niliona anatazama gari.

"Mwambie tu anaitwa, mwanangu," akasema. "Mamako anajua."

Jina moja tu lingetosha. Angesema Samiha, ningekimbia nikamtoe mama na sabuni mwilini. Lakini hakusema, na mimi nikajibu neno ambalo sikulipanga, lilikuwa limekaa mdomoni mwangu kwa wiki nzima.

"Bamemwita," nikasema. "Mama bamemwita."

Murshid aliweka mikono yote miwili kichwani. "Inna lillahi," akasema. Hakuuliza lini, hakuuliza wapi, kwa sababu hakuna aliyeuliza wakati ule. Alinishika bega, mkono wake ulikuwa umelowa jasho, akasema, "Pole, mwanangu, pole sana," na machozi yakamtoka, kwa ajili yangu. Kisha akageuka akaenda zake mbio, mzee mzima, na zile ndala zisizofanana.

Nilimtazama mpaka kwenye kona. Alipita gari la wanajeshi bila kusimama. Hakuna aliyemtazama. Nilipaswa kuelewa hapo. Pengine nilielewa. Nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka arobaini, na siku nyingine najibu ndiyo, siku nyingine hapana.

Mama alitoka bafuni anajifuta shingo. "Nilisikia sauti," akasema.

"Ni mimi naimba," nikamjibu.

Saa saba kasoro tulishuka. Jua lilikuwa linachoma na kwenye nyumba harufu ya mawese ya kukaangia ilijaa kila mahali, watu wanakula, mji umetulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanajeshi mmoja kijana alikuwa amekaa kwenye gogo ufukweni, anatafuna muhogo. Alitutazama, akatazama mabeseni. Mama alimsalimu kwa Kirundi, akaingiza miguu majini, akaanza kufua. Alifua kweli kweli, shati la baba, kwa sabuni, mpaka yule kijana akachoka kutuangalia akaenda kutafuta kivuli. Amuri alipita penye mawe. Tukaingia mashuani na nguo mbichi, tukalala chini yake, na maji ya sabuni yananiingia machoni.

Mbele kidogo tulisikia mashine nyingine ziwani. Amuri alizima yake. Tulikaa bila kupumua, baba amenishika kifundo cha mguu kwa nguvu hata alama ilibaki. Mashine ile ilizunguka, ikawa kubwa, ikawa ndogo, ikaondoka. Baba alikuwa analia kimyakimya. Mama, chini ya shuka bichi, aliniuliza sikioni:

"Leo hakuna mutu aliniita?"

"Hakuna, mama."

"Ajabu," akasema.

Tulifika ng'ambo, Kongo, jua likizama, na baada ya siku kadhaa tukawa Uvira. Baba alipata mbao. Mama alipumzika wiki moja, wiki moja tu, halafu akaenda materniti ya huko kuomba kazi, na yakaanza yale yale: karatasi ya saa, na saa nyingine nje ya karatasi. Baba hakugomba tena. Alikuwa ameamua kwamba mke hai asiyekaa nyumbani anatosha. Mimi nilikuwa nashtuka kila mtu akisimama mlangoni, lakini nilikuwa najiambia: yuko hai, nilimwokoa, na siku moja nitamwambia jinsi nilivyomwokoa, atacheka.

Mwaka 1974 tulikuwa sokoni Uvira, mama na mimi, tunachagua ndagala. Mwanamke mmoja mwenye mtandio mweusi aliyekuwa anauza vitambaa aliinuka ghafla hata kitambaa kikaanguka matopeni. Alikuwa Jokha, binti mdogo wa Murshid. Alikuwa ameolewa huko.

"Mama Bora?" akasema. Alimgusa mama uso, mabega, kama anayekagua chungu. "Wewe si umekufa? Sisi tulikusomea dua. Baba alikulilia siku tatu."

Mama akacheka. "Nani alisema nimekufa?"

"Baba alikuja mwenyewe kukuita. Siku ya Samiha. Bintiyo akamwambia wamekuita."

Kicheko cha mama kilikatika. Hakunitazama.

"Samiha alikuwa vipi?" akauliza taratibu, kwa sauti ya kazini.

Jokha akaeleza. Uchungu ulimshika kabla ya wakati, asubuhi ile ya Ijumaa. Mtoto alitoka saa sita, mzima, wa kike, yuko kwa babu yake mpaka sasa, anatembea. Lakini damu ilikataa kusimama. Wanawake wa nyumbani hawakujua la kufanya, na kwenda materniti kupita wanajeshi, akiwa katika hali ile, waliogopa. Samiha aliita jina la mama yangu. Alitoka damu mpaka alasiri, akafa. Jokha aliyasema hayo bila kulia, alikwisha kuyalia. Kisha nikaona macho yake yanahama kutoka kwa mama kuja kwangu, polepole, na fikra inaingia.

"Kwa hiyo hukuwa umeitwa," akasema. "Huyu alimdanganya baba."

Nilifungua mdomo. Mama aliweka mkono kifuani kwangu, akanirudisha nyuma yake.

"Ni miye nilimutuma aseme vile," akasema. "Nilikuwa mu nyumba. Niliogopa."

Jokha hakutukana. Aliinama akaokota kitambaa chake matopeni, akakikung'uta, akatugeuzia mgongo. Watu wa meza za jirani walikuwa wamesikia. Uvira si mji mkubwa. Kabla ya wiki kwisha kila mwanamke mwenye mimba alikuwa amesikia kwamba mkunga Anastasie alijificha chumbani, mtu akafa. Na yeye hakukanusha hata mara moja, mpaka anazikwa.

Siku ile tulitoka sokoni bila ndagala. Nilimfuata nyuma nikilia kwa sauti, namwambia kila kitu: ndala, duka lililo wazi, gari, uso wa Casimir, kwamba niliogopa, kwamba nilitaka abaki hai. Alitembea haraka kama alivyotembea siku zote, kama mtu aliyeitwa. Kwenye daraja akasimama akanigeukia. Nilifikiri sasa atanipiga, au atanikumbatia.

"Mzee alikuya saa ngapi?" akauliza.

"Saa tano."

Alihesabu. Niliona midomo yake inavyokwenda: kutoka kwetu mpaka nyuma ya soko, dakika kumi, mtoto saa sita, damu ya namna ile inavyoshikwa kwa mikono miwili, juu na chini, mpaka isimame.

"Ningefika," akasema. "Na saa saba ningekuwa mu mashua."